Mtoto anachemka huku anatetemeka: blanketi la bibi au beseni la mama?

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia nikiwa na mambo mawili moyoni, la mtoto na la mama mkwe, na yote mawili yalianza usiku mmoja.

Naishi Pangani, nyumba moja na mama mzazi wa mume wangu. Mume wangu ni dereva wa lori, anaweza kumaliza mwezi mzima safarini. Tuna mtoto mmoja wa kiume, ana miaka miwili na miezi mitatu, kilo 12 kwenye kadi ya kliniki. Jumatatu ya wiki iliyopita alishinda kalegea, hata uji hakuutaka. Usiku kama saa tano nikashtuka, anatetemeka kitandani mpaka meno yanagongana. Nikamshika kifua: moto. Nikamshika miguu: baridi kama katoka mtoni. Vinyweleo vimemsimama, midomo haina rangi, na analia, "Mama baridi, mama baridi."

Mama mkwe akaingia na blanketi lake zito la masika, akamfunika gubigubi, na juu yake akaongeza khanga doti nzima. Akasema mtoto mwenyewe kasema ana baridi, sasa unataka ushahidi gani? Mimi nilishasikia kwamba homa ikipanda sana inaunguza ubongo. Nikamchomoa mtoto mle ndani nikamtia kwenye beseni la maji ya mtungini. Shangazi, alipiga ukelele ambao sijausikia tangu nimzae. Akazidi kutetemeka, akajikunja, midomo ikaingia weusi. Mama mkwe akaninyang'anya mtoto na kuniambia, mbele ya majirani waliokuja kwa zile kelele, kwamba nataka kumuua mjukuu wake, na kwamba maji ya usiku ndiyo yanayoita degedege.

Tukampa parasetamoli ya maji. Kama saa tisa usiku jasho likamtoka mpaka shuka likalowa, mwili ukapoa, akaomba maji, akalala. Mama mkwe akasema, "Umeona? Homa imetoka na jasho, ni blanketi langu hilo." Mimi nikasema ni dawa. Asubuhi akaamka anacheza, lakini nikampeleka zahanati hivyo hivyo. Akatobolewa kidole, malaria ipo. Akapewa dawa mseto, vidonge sita. Kufika siku ya pili jioni alikuwa mzima kabisa, anakimbiza kuku uani, na viwili vilivyobaki nimeviweka kabatini.

Sasa hatusemezani. Anapika chake, napika changu. Mume wangu ananiambia kwenye simu kwamba mama yake kalea watoto saba na hakuna aliyemfia mikononi. Naomba uniambie ukweli wako. Nani alikosea? Mtoto anawezaje kusikia baridi na huku mwili unaunguza? Na hilo degedege, kweli linaletwa na maji?

Mama K., Pangani


Marahaba, mwanangu. Pole kwa usiku ule, na bibi wa mtoto mfikishie pole yangu pia. Nimefanya kazi wodi ya watoto miaka mingi kabla ya kustaafu, na ugomvi wenu nimeukuta kwenye familia nyingi: mmoja kashika blanketi, mwingine kashika ndoo, mtoto yuko katikati. Nianze na mtoto. Mama mkwe tutamfikia.

Ulimshika miguu ukakuta baridi, na bibi yake akaiamini baridi hiyo. Ulimshika kifua ukakuta moto, nawe ukauamini moto huo. Nyote wawili mlikuwa na ukweli. Mlichokosa ni kujua kwamba baridi ile na moto ule vilikuwa kazi moja, na aliyekuwa akiifanya ni mwili wa mtoto mwenyewe.

Ichukulie pasi ya umeme. Ina kitufe cha kuzungusha: hapa nailoni, hapa hariri, kule mwisho pamba. Ukikiweka kwenye nailoni, taa inawaka, pasi inapata moto, na ikifika kiwango chake taa inazima. Ikipoa kidogo inawaka tena. Wewe unanyoosha nguo, pasi inajilinda yenyewe. Basi chini kabisa ya ubongo wa kila mtu kuna sehemu ndogo, haizidi korosho moja, wataalamu wanaiita haipothalamasi, na mojawapo ya kazi zake ni hiyo ya kitufe cha pasi. Inapata habari za joto kutoka kwenye ngozi na kutoka kwenye damu inayopita hapo, inalinganisha na kiwango kilichowekwa, karibu na nyuzi 37, kisha inatoa amri. Joto likizidi, mishipa midogo ya ngozi inafunguka, damu ya moto inakuja juu, jasho linatoka, na jasho linapokauka linaondoka na joto. Joto likipungua, mishipa ya mikono na miguu inabana ili damu ya moto ibaki ndani, kwenye moyo na ini na ubongo. Ikiwa hiyo haikutosha, misuli inaanza kutetemeka, maana msuli ukifanya kazi unatoa joto.

Na si joto peke yake linalolindwa hivyo. Maji, chumvi, sukari ya damu, asidi ya damu, kila kimoja kina kiwango chake na walinzi wake. Mfaransa mmoja, Claude Bernard, katika karne ya 19 alieleza jambo ambalo mpaka leo nikilifikiria linanishangaza: chembe hai za mwili wetu haziishi kwenye hewa hii tunayoiona, zinaishi ndani ya maji ya mwili, na maji hayo ndiyo dunia yao. Aliyaita mazingira ya ndani. Nje kunaweza kuwa na jua la Januari au upepo wa kusi, wao dunia yao lazima ibaki vilevile, la sivyo wanakufa na sisi pamoja nao. Mwaka 1926 Mmarekani Walter Cannon akakipa kitendo hicho cha mwili kujisawazisha jina la homeostasisi.

Sasa twende kwenye kitanda cha mwanao, saa tano usiku.

Vimelea vya malaria vinaingia kwenye chembe nyekundu za damu, vinazaana humo, kisha vinazipasua na kutoka kwenda kuvamia nyingine. Chembe zikipasuka, taka zake zinamwagika kwenye damu. Chembe nyeupe, ambazo ndizo askari wa mwili, zinapiga mbiu kwa kemikali, na mbiu hiyo ikifika ubongoni inatengenezwa kemikali nyingine iitwayo prostaglandini. Hiyo ndiyo inayokizungusha kitufe. Kilikuwa kwenye nailoni, sasa kiko kwenye pamba. Kiwango kilikuwa 37, sasa kimewekwa, tuseme, 39 na nusu.

Mtoto wakati huo ana nyuzi 38. Kwako wewe unayemgusa, huo ni moto. Kwa ubongo wake, ambao unataka 39 na nusu, hiyo ni baridi kali. Kwa hiyo ukatoa amri zote za baridi: mishipa ya miguu ikabana, ndiyo maana ukaikuta kama ya mtu aliyetoka mtoni. Vinyweleo vikasimama. Meno yakagongana. Alipolia "mama baridi" hakuwa anaweweseka, alikuwa anakueleza sawasawa kinachoendelea kichwani mwake. Bibi yake alimwamini, na kwa hilo nampa haki yake.

Ukishalielewa hilo utaona beseni lilimfanya nini. Kitufe kiko juu, wewe unamtia kwenye maji ya mtungini. Ubongo unaona joto linazidi kuponyoka, unabana mishipa zaidi, unatetemesha misuli zaidi. Weusi ule wa midomo ulikuwa mishipa iliyobana. Mtoto ambaye hakula tangu asubuhi akalazimika kuchoma nguvu asizokuwa nazo ili kushindana na maji yako. Hata kile kitambaa cha maji ya uvuguvugu, ambacho sisi manesi tuliwafundisha akina mama miaka na miaka, kinashusha joto wakati unampangusa tu. Ukikiweka chini, joto linarudi lilikokuwa, kwa sababu kitufe hakijaguswa. Spiriti na barafu usimpake mtoto kabisa.

Blanketi nalo? Mtoto anayetetemeka anahitaji kitu cha kumsitiri, na khanga moja au shuka jepesi linatosha. Blanketi la masika limezidi, na ubaya wake unaonekana baadaye: kitufe kikirudi chini, mwili unataka kulitupa joto nje upesi, na blanketi linalizuia. Kwetu pwani ni vibaya zaidi, hewa ina unyevunyevu, jasho halikauki haraka hata kwa mtu aliyekaa barazani, sembuse mtoto aliyefungwa kama mkate wa kumimina chini ya mfuniko.

Jasho la saa tisa basi lilikuwa nini? Ni kitufe kilichorudi nailoni. Parasetamoli inazuia ile prostaglandini isitengenezwe, na homa ya malaria yenyewe pia ina tabia ya kupanda na kushuka. Ubongo ukasema, "Tunataka 37, mbona tuko 39?" ukafungua mishipa na kumwaga jasho. Blanketi halikuitoa homa, na parasetamoli haikumuua kimelea hata mmoja. Wakati mtoto anaomba maji na kulala usingizi mzuri, vimelea walikuwa wameshaingia kwenye chembe nyingine na kuanza upya.

Hapa ndipo watoto wengi tulipowapoteza, mwanangu. Usiku mtoto anachemka, alfajiri anatoka jasho, asubuhi anacheza, mama anasema kashapona, zahanati tutakwenda akizidiwa. Homa inarudi kesho au keshokutwa, na safari hii inarudi na nguvu. Wewe ulimwona anacheza ukampeleka hivyo hivyo. Katika yote uliyoyafanya, hilo ndilo lililomwokoa, nalo ndilo la kumweleza mume wako kwenye simu.

Umesema ulisikia homa inaunguza ubongo. Homa inayoletwa na maradhi ina breki zake, maana ubongo wenyewe ndio ulioipandisha, na mara chache sana hupita nyuzi 41. Kinachoumiza ubongo wa mtoto ni ugonjwa ulio nyuma ya homa: malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, sukari iliyoisha. Homa yenyewe ni silaha ya mwili. Katika miaka ya 1970 watafiti wa Marekani walichapisha habari za mijusi wa jangwani. Mjusi hana uwezo wa kujitia joto, kazi hiyo anaiachia jua. Mijusi walioambukizwa bakteria walikwenda wenyewe mahali penye joto zaidi kuliko kawaida yao, na wale waliozuiwa kupata joto hilo walikufa kwa wingi zaidi. Mjusi hana mama wala kipimajoto, lakini anajua kuitafuta homa yake. Kwa hiyo parasetamoli mpe mtoto kwa sababu anaumwa, ananung'unika, hataki kunywa. Usimpe kwa kuiogopa namba tu. Kipimo chake ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito, kwa hiyo mwanao wa kilo 12 anapata 120 hadi 180 kwa mara moja, kila baada ya saa 4 hadi 6, isizidi mara nne kwa siku nzima. Chupa hazilingani nguvu, soma lebo au mwombe muuza dawa akuonyeshe ni mililita ngapi, na tumia kikombe chake, usitumie kijiko cha chai. Aspirini usimpe mtoto.

Kuna siku moja, hata hivyo, ambayo beseni lako lingekuwa sahihi, na sitaki uondoke hapa ukidhani maji baridi ni haramu daima. Mtoto aliyefungiwa kwenye gari juani, au aliyelala mchana chini ya bati lisilo na dari, akapatikana anaunguza, hatetemeki, kalegea au hajitambui: huyo kitufe chake hakikuzungushwa, kiko palepale 37, ila joto la nje limemshinda nguvu. Parasetamoli haimsaidii, maana hakuna prostaglandini ya kuzuia. Huyo mvue nguo, mloweshe maji mwili mzima, mpepee, na hapo hapo mnakimbia hospitali.

Sasa degedege. Najua linavyosemwa huko kwetu: dege limepita juu ya nyumba, kivuli chake kimemwangukia mtoto. Nimewapokea watoto waliofukizwa kinyesi cha tembo kwanza, wamefika kwetu siku ya pili wakiwa hawana fahamu. Nimewapokea na bibi waliokaa mlangoni wakikataa mtoto asiguswe sindano, kwa sababu waliambiwa mtoto wa degedege akichomwa anakufa. Sikuwahi kuwacheka. Mtu aliyeona macho ya mjukuu yakigeuka na mikono ikipigapiga hewani ana haki ya kutafuta sababu mahali popote. Lakini maji hayaiti degedege, na dege halipiti. Ubongo wa mtoto wa kati ya miezi sita na miaka mitano ni mwepesi wa kushtuka homa inapopanda, na wakati mwingine mshtuko huo unatokea kabla hata hujajua kwamba mtoto ana homa. Parasetamoli nayo haizuii. Mara nyingi mtikisiko unakwisha wenyewe ndani ya dakika chache. Ukitokea, mlaze kwa ubavu chini mahali salama, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimpe kitu cha kunywa, angalia saa. Halafu mpeleke hospitali hata kama umekwisha na anakutazama vizuri, kwa sababu kwenye nchi ya malaria hatuwezi kujua kwa macho kama ni homa tu au ni vimelea vimefika ubongoni.

Nimekueleza joto kwa kirefu kwa sababu ndilo mlilogombea. Lakini, mwanangu, joto ndilo linalopiga kelele, na walinzi wengine wanashindwa kimyakimya. Mtoto akiwa na homa mtazame kwa macho hayo.

Maji kwanza. Homa inakausha, kwa ngozi na kwa pumzi. Figo zinaanza kubana maji, mkojo unakuwa kidogo na wa njano iliyokolea. Ukiona saa sita zimepita nguo kavu, analia bila machozi, macho yameingia ndani, walinzi wa maji wameelemewa. Mnyonyeshe kama bado ananyonya, mpe maji, uji mwepesi, dafu, kidogokidogo lakini mara kwa mara. Na mkojo ukitoka mweusi kama kahawa, hapo usisubiri kitu.

Kisha sukari. Mtu mzima akikosa kula siku nzima, ini linatoa akiba yake na sukari ya damu inabaki palepale. Akiba ya mtoto mdogo ni ndogo, na vimelea vya malaria navyo vinakula sukari hiyo hiyo. Mtoto aliyelegea, anayesinzia mchana, anayetoka jasho la baridi, anayekutazama kama hakuoni, huenda sukari imeisha. Kama anameza, mpe uji wenye sukari mkiwa njiani. Kama hamezi, usimlazimishe, kimbia. Wodini nilikuwa nikimwona mtoto wa namna hiyo akiwekewa sukari kwenye mshipa, na dakika chache baadaye anafumbua macho na kumwita mama yake. Hakuna siku niliyoizoea furaha ile.

Na pumzi. Asidi ikizidi kwenye damu, mapafu ndiyo yanayokuja kuokoa: yanapumua haraka na kwa kina ili kutoa hewa chafu, na asidi inapungua nayo. Kwa hiyo mtoto anayehema na hakukimbia anakwambia jambo. Mwinue nguo, tazama tumbo na kifua, hesabu kwa dakika nzima kwa saa ya simu, akiwa ametulia. Mtoto wa zaidi ya mwaka mmoja akifika pumzi 40, na wa miezi miwili hadi mwaka akifika 50, mpeleke. Nimeona akina mama wakihesabu nusu dakika na kuzidisha mara mbili. Usifanye hivyo, watoto hawapumui kwa mpangilio.

Mtoto wa chini ya miezi miwili mwenye joto la mwili haangaliwi nyumbani hata saa moja. Na mkubwa kuliko huyo akishindwa kunywa au kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege, au akiwa mgumu kuamka, usimngoje baba yake arudi safarini wala kupambazuke.

Basi usiku mwingine, ukija, fanya hivi. Akitetemeka, msitiri kwa khanga moja, mpakate, mpe dawa kwa kipimo chake, wala usimguse na maji baridi. Miguu ikishapata moto kama kifua, ujue kitufe kimefikiwa: mfunue, mvalishe fulana nyepesi, fungua dirisha chandarua kikiwa kimechomekwa, mpe kinywaji. Jasho likianza, mpanguse, mbadilishe nguo, mpe kinywaji tena. Kukikucha, zahanati, anacheza au hachezi.

Mama mkwe wako. Usiende kwake na maneno ya Shangazi kasema. Nenda na mtoto. Mwombe radhi kwa kumchomoa mtoto kwenye blanketi lake mbele yake, kama vile yeye si kitu, maana hilo lilimuuma kuliko beseni. Usimwombe radhi kwa kuhofia maisha ya mwanao. Mwambie, "Mama, ulisema ana baridi, na kweli alikuwa na baridi," kwa sababu ni kweli, na kwa sababu tangu usiku ule hakuna aliyemwambia kwamba aliona sawasawa. Halafu mwombe awe ndiye atakayeshika miguu na wewe kifua, mpeane habari. Mtu aliyelea watoto saba ana mkono unaojua ngozi ya mtoto, na wewe unaihitaji mikono hiyo mumeo akiwa barabarani. Akikuambia maneno makali tena mbele ya watu, hilo ni la mumeo kumwambia mama yake, kwa heshima, akirudi. Wewe usilibebe peke yako.

Sasa nirudi kwenye sentensi moja uliyoiandika ukipita, kabla ya kuja kwenye ugomvi. Vidonge viwili viko kabatini. Nimeisoma mara tatu. Mtoto wa kilo 12 anapewa kidonge kimoja kwa mara moja, cha kwanza palepale, cha pili baada ya saa 8, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata, akiwa amekula kitu chenye mafuta kidogo au maziwa. Sita ndiyo dozi. Mwanao kameza vinne. Homa ilipokwisha siku ya pili, ni kwa sababu vimelea walikuwa wamepungua mpaka wasiweze kukizungusha kitufe, na waliobaki wanaweza kuongezeka tena kimyakimya.

Usimpe hivyo viwili sasa, vimeshachelewa kumaliza kazi yake. Usimwekee mtoto wa jirani wala homa ijayo. Kesho asubuhi vichukue pamoja na kadi yake, mrudishe zahanati ileile na useme wazi kwamba dozi haikuisha, tarehe ngapi ilikatishwa. Kipimo kile cha haraka cha kidole kinaweza kuendelea kuonyesha malaria kwa wiki kadhaa hata kwa mtoto aliyepona, kwa hiyo waulize kama wanaweza kuitazama damu kwa hadubini, au wakuelekeze kwenye kituo chenye hadubini. Hakuna nesi mwenye akili atakayekugombeza kwa kusema kweli. Na ukitoka nyumbani, mwambie mama mkwe, "Mama, nampeleka mtoto zahanati, twende wote."